Dakika mbili za Kentucky

Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei mimi hukesha, na si kesha la maombi. Karibu saa nane usiku kwa saa zetu, farasi hufunguliwa lango kule Louisville, Kentucky, wakimbie kilomita mbili tu. Mama Pasta huniuliza kama nimeandaa ujumbe wa Jumapili. Nimeandaa! Wala sichezi kamari, msianze maneno.

Kentucky Derby ni dakika mbili. Mwaka 1973 farasi Secretariat alitumia dakika 1 na sekunde 59.4, na hadi leo hakuna aliyemshinda kwa kasi. Kwa hizo dakika mbili watu kama 150,000 hujaa uwanja wa Churchill Downs, akina mama na kofia zinazozidi za harusi zetu, na farasi aliyeshinda huvishwa maua ya waridi. Farasi wote ni wa miaka mitatu, kwa hivyo kila mmoja ana nafasi moja maishani. Matajiri huzeeka wakiutafuta ushindi huo.

Sasa nisikilizeni, watu wa Mungu. Mbio za kwanza, 1875, zilikuwa na wapanda farasi 15. Kumi na watatu kati yao walikuwa watu weusi. Oliver Lewis, aliyeshinda, alikuwa mweusi. Ansel Williamson, aliyemfunza farasi huyo, alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Isaac Murphy akashinda mara tatu. Jimmy Winkfield akashinda 1901 na 1902. Jina kubwa la Derby tunalolisikia leo lilianzia mikononi mwa hao. Kisha wakasukumwa nje. Wenzao weupe waliwabana uwanjani mbio zikiendelea, na wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Tangu Winkfield, hakuna mweusi mwingine aliyeshinda.

Yeye alienda Urusi, akafanikiwa sana, mapinduzi yakamtoa huko mbio, akaanza upya Ufaransa. Mwaka 1961 alirudi Louisville akiwa mzee, amealikwa kwenye karamu ya Derby. Alipofika hotelini na binti yake, wakazuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yao. Mgeni mwalikwa, mshindi mara mbili! Walisubiri hapo hadi wakaruhusiwa kuingia.

Alifariki 1974. Jina lake liliingizwa katika jumba la kitaifa la magwiji wa mbio za farasi mwaka 2004.