Je, Hedwiga ni Jina la Mkosi?

Akina mama wenzetu, hapa kwetu Malolo mtoto hahitaji kutafutiwa jina kitabuni. Jina lipo tayari, linamngoja. Akizaliwa wa kike, bibi mzaa baba anasikiliza kama jina lake litaitwa katika nyumba ya mwanawe, na bibi mzaa mama naye ana hesabu zake. Juu ya hilo la ukoo huja la ubatizo, na ndipo sisi tunaopima watoto uzito siku za kliniki tunapokutana na majina ya dunia nzima: Scholastika, Faustina, Bernadeta, Apolonia. Mara nyingi mama analitaja jina bila kujua lilitoka wapi, na wala hatumlaumu. Nani aliyewahi kumwambia?

Msimu uliopita wa vitunguu alikuja mama mmoja kijana na binti yake wa wiki sita. Kadi ya mtoto haikuwa na jina. Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, anaitwa Hedwiga, na alitaka mjukuu arithi. Mama kijana hakutaka kabisa. Shemeji yake anayesoma mjini alikuwa amemwambia kwamba Hedwig ni jina la bundi katika filamu ya watoto wachawi. Akaongeza kwamba kwa asili jina hilo maana yake ni vita. Bundi na vita! Ninyi mnajua bundi akilia juu ya paa watu wanavyotazamana. Mama mkwe alikaa kwenye benchi amejifunga khanga kifuani, hasemi neno, na ukimya wa mama mkwe ni mzito kuliko maneno yake. Mume alikuwa amekwisha kutuma salamu kutoka shambani kwamba wamalize wenyewe.

Sisi tuliwaomba watupe muda hadi kliniki ya mwezi uliofuata, tukatafuta habari za jina hilo.

Kwanza tumtendee haki yule kijana, kwa sababu hakusema uongo. Bundi mweupe katika hadithi za Harry Potter anaitwa Hedwig. Lakini hadithi hizo zilianza kuchapishwa mwaka 1997, na jina lilikuwa na umri wa mamia ya miaka. Bundi ndiye aliyeazima. Kuhusu maana pia alisema kweli: ni jina la Kijerumani cha kale lililounganishwa kwa maneno mawili, na yote mawili yanahusu mapigano. Ni kama kusema vita juu ya vita. Wajerumani wa kale waliwaita mabinti zao hivyo wakitaka wawe hodari. Na sisi Waswahili tuna kina Tabu, Shida na Mashaka wangapi, wameolewa, wana wajukuu, na nyumba zao zina amani kuliko za kina Furaha? Katika Biblia Yabesi aliitwa hivyo kwa sababu ya uchungu wa mama yake, lakini akaheshimiwa kuliko ndugu zake.

Jina hili lilivuka mpaka likaingia Poland, na huko likawa jina la nyumbani hasa. Wapolandi huliandika Jadwiga, hulitamka Yadviga, na kwa kumbembeleza mtoto husema Jadzia. Waliolipa heshima hiyo ni wanawake wawili, na wote wawili walikuwa wameolewa.

Wa kwanza alizaliwa karibu mwaka 1174 huko Andechs, Bavaria, katika nchi ya Wajerumani. Akiwa na umri wa miaka kama 12 tu aliozwa kwa Henry, mtawala wa Silesia, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland. (Umri huo sisi tunaupinga, hata kama mwenye harusi alikuja kuwa mtakatifu.) Alizaa watoto saba. Mwaka 1241 mwanawe, Henry wa Pili, aliuawa vitani huko Legnica akipigana na Wamongolia. Hedwiga mwenyewe alipofariki mwaka 1243, kati ya watoto wake saba alibaki binti mmoja tu, Gertrude. Mama huyo aliwazika wengine wote. Anakumbukwa kwa kuwasaidia wagonjwa na wadeni waliofungwa, na kwa kutembea bila viatu hata wakati wa baridi kali. Inasimuliwa kwamba padre wake alimwamuru awe na viatu, naye akatii: akavibeba kwapani. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1267, na sikukuu yake ni tarehe 16 Oktoba.

Wa pili ni Jadwiga malkia. Alitawazwa Krakow tarehe 16 Oktoba 1384, akiwa na umri wa miaka kama kumi, na kwa sheria za wakati ule aliitwa mfalme, si malkia. Mwaka 1386 aliolewa na Jogaila, mtawala wa Lithuania, ambaye alibatizwa ndipo ndoa ikafungwa, na watu wake wakaanza kubatizwa baada yake. Vito vyake aliacha vikauzwe ili chuo kikuu cha Krakow kifufuliwe. Lakini sisi wauguzi tunasimama zaidi kwenye mwaka 1399. Tarehe 22 Juni alijifungua binti. Tarehe 13 Julai mtoto akafa. Tarehe 17 Julai, siku nne baadaye, mama naye akafa, akiwa na miaka kama 25. Alikuwa na taji na waganga wa jumba la kifalme, lakini hakuwa na hata kimoja cha vile tulivyo navyo leo katika zahanati ya kijiji.

Hapo mtatuwia radhi tutoke kidogo kwenye jina. Mama akishajifungua salama watu hushangilia, uji wa pilipili manga unapikwa, na macho yote yanahamia kwa mtoto. Mama arudi kupimwa: ndani ya saa 48 za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 7, kati ya siku ya 8 na ya 28, na tena kati ya siku ya 29 na ya 42. Na akipata homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au kuona giza, asingoje tarehe ya kadi. Aletwe siku ile ile, hata kama ni usiku na pikipiki ni ya kukodi.

Turudi kwa Jadwiga. Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpolandi, alimtangaza malkia huyo kuwa mtakatifu huko Krakow tarehe 8 Juni 1997. Yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa Papa tarehe 16 Oktoba 1978, siku ya sikukuu ya yule Hedwiga wa kwanza.

Je, kwetu jina lilifikaje? Jinsi tunavyolitamka ni Kijerumani, na wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walitoka nyumba mama ya St. Ottilien, huko huko Bavaria, si mbali na Andechs alikozaliwa Hedwiga. Si ajabu basi kuwakuta kina Hedwiga huku kwetu. Waitaliano nao husema Edvige, na mapadre wa Consolata waliokuja Iringa kuanzia mwaka 1919 walikuwa Waitaliano. Ukisikia bibi mmoja anaitwa Hedwiga na mwingine Edviga, ujue ni jina moja.

Na kina Jadwiga wenyewe wa Poland walifika. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wapolandi wengi, hasa wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan, walitoka kupitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru, karibu na Arusha, waliishi watu wapatao 5,000. Kambi nyingine zilikuwa Kondoa, Kidugala, Morogoro na Ifunda. Sisi wa Malolo tuko katikati ya hizo mbili za mwisho. Wanawake wale walifundisha watoto, waliuguza wagonjwa, walilima bustani, wakasubiri barua za waume walioko vitani. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru hadi leo. Jadwiga lilikuwa mojawapo ya majina ya kawaida kabisa ya wanawake wa Poland wakati huo. Leo huko limekuwa jina la mabibi, kama ilivyo kwetu.

Kliniki iliyofuata tuliwasimulia wote wawili haya. Mama kijana alisikiliza bila kusema mengi. Mama mkwe, tulipofika kwenye wale watoto saba, aliuliza, "Nesi, alizika wangapi?" Tukamjibu sita. Akasema, "Basi huyo ni mwenzangu. Mimi nimezika wanne." Mkwe wake akageuka kumtazama. Ameolewa pale miaka mitatu, na hakuwa amewahi kuambiwa. Akampakata mtoto vizuri, akasema kwa sauti ndogo, "Andikeni, mama."

Kuandika nako kuna kazi yake. Tunamfahamu binti mmoja ambaye kwenye kadi ya kliniki ni Hediviga, kwenye cheti cha ubatizo ni Hedwig, na kwenye cheti cha kidato cha nne ni Edwiga. Alipoomba mkopo wa chuo aliambiwa hao ni watu watatu. Alihangaika na hati ya kiapo, nauli za kwenda na kurudi mjini, na wenzake wakawa wameanza masomo. Siku hizi cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliye chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo, katika ofisi za kata na vituo vya afya, na huandikwa pale pale ukiwa umesimama. Kwa hiyo, mama, nenda na jina limeandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi. H mwanzoni, W katikati, si V. Cheti kikijazwa, kisome kabla hujaondoka dirishani, na kama hujui kusoma mwombe aliye nyuma yako kwenye foleni akusomee kwa sauti.