Tumbo Tupu, Kibofu Kilichojaa



Katika nyumba zetu nyingi, anayesoma karatasi ya hospitali si mgonjwa mwenyewe. Mzazi hurudi na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, humkabidhi mtoto aliyesoma shule, naye huitazama kwa haraka na kusema: «Wanakuita kesho asubuhi.» Maneno machache yaliyo chini ya karatasi hupita bila kuelezwa. Nataka tuzungumze juu ya maneno hayo, kwa maana mwaka uliopita yalinihusu mimi mwenyewe.

Nilikuwa nikishikwa na maumivu makali ya ubavu, na daktari akashuku jiwe katika figo. Akaniandikia ekografi, yaani picha inayopatikana kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii. Maagizo yalikuwa mawili: nisile chochote tangu usiku, na saa moja kabla ya kipimo ninywe maji, kama lita moja, nisiende haja ndogo.

Mtu aweza kudhani kwamba maagizo hayo yanapingana. Sivyo. Mawimbi hayo hayapenyi hewa; ndiyo sababu mpimaji hupaka ngozi ute mzito, ili hewa isibaki kati ya mwili na chombo chake. Lakini hewa iliyo ndani ya matumbo hawezi kuifuta kwa mkono. Kula huiongeza, kufunga huipunguza. Maji nayo ni kinyume cha hewa: mawimbi hupita ndani yake kwa urahisi. Kibofu kilichojaa husukuma matumbo kando na kuwa kama dirisha. Kikiwa kitupu hujikunja, na jiwe lililokwama mwisho wa mrija wa mkojo laweza kufichika.

Siku ile niliketi kando ya mama mmoja aliyetoka mbali. Asubuhi alikuwa amekunywa chai na kula mkate. Mwanawe alimsomea «à jeun», naye akasikia «déjeuner». Akarudishwa nyumbani; nauli imekwisha, na maumivu yake yakangoja siku nyingine. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja: «jeûner» ni kufunga, na «déjeuner» kwa asili yake ni kufungua mfungo. Kijana alisoma vizuri. Alichoacha ni kueleza.

Ekografi ilionyesha kwamba figo yangu moja imevimba. Daktari akataka kuona jinsi inavyotoa mkojo, akanituma kwenye skana, ambayo hutumia mionzi iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Kwa kipimo hicho nilipaswa kudungwa mshipani dawa yenye iodini, ambayo huifanya njia ya mkojo ing'ae katika picha. Hapo matayarisho yalihusu ulimi kuliko tumbo. Kwanza walipima damu yangu kuona kiasi cha kreatinini, taka ambayo figo zenye afya huiondoa. Kiasi kikizidi, daktari hufikiri mara mbili, kwa kuwa dawa ile hutoka mwilini kwa njia ya figo zilezile. Kisha yakaja maswali: Je, dawa ya namna hii imewahi kukudhuru? Una pumu? Una kisukari, na unatumia metformini? Unameza vidonge vya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki? Umekunywa dawa za kienyeji? Mwanamke huulizwa pia kama ana mimba.

Hapo ndipo wengi wetu hunyamaza, hasa juu ya dawa za kienyeji, kwa aibu. Mwenye kuficha hamdanganyi daktari tu. Anaziweka figo zake hatarini. Wala mgonjwa asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye kisukari anayejidunga insulini aulize kabla ya kufunga, maana kwake tumbo tupu laweza kuwa hatari.

Dawa ilipoingia, nilihisi joto mwili mzima na ladha ya chuma mdomoni. Vilipita upesi. Kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa mapema, sikuogopa. Jiwe lilikuwa dogo, na baada ya siku kadhaa lilitoka lenyewe.

Basi, vijana, tunafundishwa kuwaheshimu baba na mama. Heshima hiyo ni pamoja na kuwasomea karatasi hadi mstari wa mwisho. Semeni kwa lugha ya nyumbani: usile tangu saa fulani, maji unywe, au usinywe, dawa hii endelea nayo, au iache hadi lini. Mkikuta neno msilolielewa, msilikisie. Rudini mkamwulize aliyeliandika. Kila hospitali ina maagizo yake, na kila mwili una historia yake. Mashine hupiga picha ya mwili kama ulivyoletwa mbele yake.