Mfuko wa Kuzika na Mfuko wa Kuzaa

Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kimoja cha wilaya ya Sengerema mwaka 1998, watu wa kwanza kunibishia hodi walikuwa viongozi wa chama cha kuzikana. Walikuja na daftari. Kila kaya ilikuwa na jina lake humo, na mbele ya jina michango yake: unga, kuni, maji, fedha kidogo, zamu ya kuchimba kaburi. Mwenyekiti, mzee mtaratibu sana, aliniambia, "Mwalimu, hapa hakuna mgeni kwenye msiba. Jiandikishe leo, kifo hakipigi hodi." Nikajiandikisha. Miaka yote niliyokaa pale sikuona maiti iliyokosa sanda wala waombolezaji waliolala njaa.

Lakini uzazi ulikuwa jambo la nyumba moja. Mwanamke akishikwa uchungu waliitwa mama mkwe, wifi na mkunga wa jadi. Yakienda vizuri, kijiji kilisikia vigelegele alfajiri. Yakienda vibaya ndipo mbio zilipoanza: nani ana baiskeli nzima, nani ana fedha ndani, nani anamjua mtu mwenye gari kule senta.

Nakumbuka jirani yangu mmoja, mvuvi wa dagaa aliyefanya kazi kwenye mtumbwi wa mwenzake. Mkewe alishikwa uchungu wa mtoto wa nne mwezi wa Februari, na kwetu Februari ni mwezi mgumu: pamba bado iko shambani, mpunga haujakomaa, na akiba ya mwaka uliopita imebaki vumbi. Uchungu ulipoingia siku ya pili, muuguzi wa zahanati alisema hapo hapatoshi, apelekwe hospitali, na huenda akapasuliwa. Vijana walimbeba kwenye kitanda cha kamba wakipokezana hadi barabara kuu. Mumewe alibaki nyuma akigonga milango usiku ule. Aliuza baiskeli yake kwa mtu aliyeijua shida yake, kwa hiyo bei ikawa ya shida. Kwingine alikopa kwa ahadi ya mpunga: apewe sasa fedha ya gunia moja, wakati wa mavuno alipe mawili.

Mama na mtoto walipona. Lakini mavuno ya mwaka ule yaliishia kwa mdai, na binti yao mkubwa, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliacha shule akaenda Mwanza kufanya kazi za ndani. Gharama ya uzazi ule aliilipa yule binti, na hakuna stakabadhi yoyote inayoonyesha hivyo.

Kwa mujibu wa sera, wajawazito walikuwa wamesamehewa. Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, wao na watoto wa chini ya miaka mitano waliwekwa kwenye kundi la msamaha. Ni sera njema na naiheshimu mpaka leo. Ila msamaha ulikuwa wa huduma katika vituo vya serikali. Haukuwa wa nauli, wala wa chakula cha ndugu anayemsindikiza mgonjwa. Na vifaa vilipokwisha stoo, mama aliambiwa aje na vyake: glavu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, beseni, khanga safi. Wauguzi niliowafahamu hawakuyasema hayo kwa ukatili. Kuzalisha bila glavu ni hatari kwa mama, kwa mtoto na kwa muuguzi mwenyewe. Lakini mwanamke asiye na beseni wala khanga ya pili alikaa nyumbani akingoja, kwa kuogopa macho ya wenzake wodini. Naamini aibu hiyo imeua wanawake wengi kuliko tunavyokubali kusema.

Aliyetugeuza alikuwa bibi mmoja, mkunga wa jadi wa zamani. Tulikuwa tumetoka kumzika mama mmoja kijana aliyefia njiani kwenda hospitali, yeye na mtoto wake. Kikao cha chama kilipokaa kufunga hesabu ya msiba, bibi aliomba asomewe jumla ya michango. Ikasomwa. Akasema, "Fedha hii ingemfikisha hospitali wiki iliyopita. Kifo hakipigi hodi, mnasema. Mimba yake imepiga hodi miezi tisa. Nani alifungua?"

Hakuna aliyejibu haraka. Walipojibu, pingamizi zilikuwa na uzito wake. Wazee walisema kumwandalia mtoto ambaye hajazaliwa ni kumwita mkosi. Wanaume walisema mimba ni siri ya nyumba, haiandikwi kwenye daftari la kijiji. Bibi hakubishana nao. Alipendekeza fedha hiyo iitwe ya safari ya mama, mtoto asitajwe kabisa. Wazee wakaridhika, nami nikapewa kazi ya kulitunza daftari jipya.

Kaya zililipa baada ya kuuza pamba au mpunga, maana mkulima hana mshahara wa mwezi. Fedha ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mama tofauti, kama wafanyavyo watu wa vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA. Mjamzito alipoonyesha kadi ya kliniki alihesabiwa. Mimba ilipofika mwezi wa saba vifaa vyake vilikuwa vimenunuliwa na kufungwa kwenye furushi, na ndugu zake wawili wameandikwa kuwa tayari kutoa damu. Yule ambaye muuguzi alimtilia shaka, mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, binti wa mimba ya kwanza au mama aliyezaa mara nyingi, alipewa fedha mapema ili asogee akae kwa ndugu karibu na hospitali kabla siku zake hazijatimia.

Katika yote hayo, uamuzi ninaouthamini zaidi ni kwamba furushi lilitolewa kwa kila mjamzito. Mke wa mwenye duka alichukua furushi lile lile alilochukua mke wa kibarua. Wapo waliosema ni kupoteza fedha, tuwasaidie maskini peke yao. Lakini aliye maskini kweli hasimami mbele ya kikao akajitangaza. Siku ambayo kila mtu alichukua, naye alichukua.

Simu zilipoanza kutuma fedha, sanduku lilipata ndugu. Watoto wa kijiji waliokuwa Mwanza, Geita na Dar es Salaam walianza kuchangia, na fedha ya dharura iliweza kumkuta mgonjwa akiwa bado njiani. Kisha ukaja mpango wa usafiri wa m-mama, na Sengerema ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuujaribu. Unapiga namba 115 bila malipo. Mhudumu anauliza dalili. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anatafutwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, na akimfikisha mama analipwa kwa simu. Mwaka 2022 mpango huo ulizinduliwa kwa nchi nzima. Mtu aliyewahi kuona mwanamke akibebwa kwenye kitanda cha kamba anaelewa uzito wa jambo hilo. Hata rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyotulazimu kungoja kivuko pale Busisi, tangu Juni 2025 inapita juu ya daraja la kilomita 3.

Takwimu za taifa nazo zimesogea. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni kazi ya wengi: wauguzi, vituo vya afya vilivyojengwa kwenye kata, vyumba vya upasuaji, barabara.

Daftari halijafungwa. Bado kuna nauli ya kurudi nyumbani, chakula cha msindikizaji, na siku za kazi anazopoteza baba. Bado kuna bili pale ambapo hospitali ya karibu si ya serikali. Kwa hiyo sehemu ya mfuko ilianza kuzilipia kaya dhaifu bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), iliyokuwa Sh30,000 kwa watu sita kwa mwaka, huku tukisubiri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itufikie vijijini kwa ukamilifu wake.

Wewe unayesoma huenda uko kwenye chama cha kuzikana, cha mtaa, cha kabila au cha wafanyakazi wenzako. Hesabu yake unaijua, na wajawazito wa mtaa wako unawajua pia. Kikao kijacho, kabla ya mengineyo, omba wasomwe majina yao na muulizane kila mmoja amefikia wapi na maandalizi.