Anayechagua Kuanza Chini

Kwetu ukitaja mieleka, watu wanaiona ile ya kwenye TV: majitu yaliyopakwa mafuta, kiti cha chuma kinapaa, na mshindi keshapangwa kabla kengele haijalia. Ndiyo maana mwaka wa masomo 2024/25, nilipokuwa Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikatuma nyumbani picha ya jamaa niliyepangiwa naye chumba, mdogo wangu alirudisha swali moja tu: "Mkanda wake uko wapi?"

Jamaa hakuwa na mkanda. Alikuwa na masikio yaliyovimba na kujikunja, mzani aliokuwa anaupanda mara nne kwa siku, na jina ambalo halikuwahi kutangazwa ukumbini. Alikuwa mwaka wa nne wa uhandisi, yumo timu ya mieleka ya chuo, uzito wa pauni 165, yaani kilo 75 hivi. Chuo chetu kimo kwenye Big Ten, ligi ngumu kuliko zote za mieleka ya vyuo kule, lakini si kati ya vile vinavyobeba ubingwa. Tulikuwa wale wa kufungwa kwa heshima. Mashabiki wa timu za namna hiyo humu chuoni mpo, mnajijua.

Nimeulizwa sana tangu nirudi: kitu gani kilinifanya nishabikie mchezo wa vijana wawili kukumbatiana kwa hasira? Jibu langu ni sheria zake. Bila kuzijua huoni kitu. Ukizijua, dakika saba zinakutoa jasho ukiwa umekaa.

Pambano lina vipindi vitatu: cha kwanza dakika 3, viwili vinavyofuata dakika 2 kila kimoja. Mnaanza mmesimama. Ukimwangusha mwenzako ukamdhibiti ukiwa juu, unapata pointi 3. Zamani zilikuwa 2, zikaongezwa msimu wa 2023/24. Aliye chini akijinasua, pointi 1. Akigeuza kibao, yeye akawa juu, pointi 2. Ukimbinua mgongo ukaelekea kwenye mkeka (si ule wa kubeti) na ukamshikilia hivyo, refa anahesabu sekunde kwa mkono: mbili zina pointi 2, tatu zina 3, nne zina 4. Ukiyabana mabega yake yote mawili chini kwa sekunde 1, biashara imeisha, hata kama ulikuwa unaongozwa kwa pointi kumi. Ukiongoza kwa pointi 15, pambano linakatishwa. Anayekimbiakimbia bila kupigana anapewa onyo, na akirudia mpinzani wake anapewa pointi.

Halafu kuna saa ya pembeni. Inahesabu muda ambao umemkalia mwenzako juu. Mwisho wa pambano, ukiwa umemzidi kwa dakika 1 au zaidi, unaongezewa pointi 1. Hapo ndipo mieleka ya vyuo vya Marekani inapoachana na ile ya Olimpiki. Kwenye Olimpiki, ukimshika mtu chini bila kumgeuza, muda si mrefu refa anawasimamisha. Vyuoni kumshikilia chini ni kazi halali, na kutoka chini ni kazi nyingine.

Sasa sikilizeni hii. Kipindi cha pili kikianza, mmoja anapewa nafasi ya kuchagua: aanze juu, aanze chini, au wote waanze wamesimama. Kipindi cha tatu anachagua mwenzake. Kuchagua chini maana yake unapiga magoti, viganja kwenye mkeka, na mtu mwenye nguvu kama zako amekushika kiuno kwa nyuma. Na wengi wanachagua chini! Nilimuuliza jamaa, mtu mwenye akili timamu anachaguaje kukaliwa? Akasema, "Ukiwa juu hupati kitu cha haraka mpaka umgeuze. Ukiwa chini una kazi moja tu. Simama."

Mechi ya timu mbili ina mapambano 10, kuanzia uzito wa pauni 125 hadi 285. Kushinda kwa tofauti ndogo kunaipa timu pointi 3, kwa tofauti ya 8 hadi 14 ni pointi 4, kwa tofauti ya 15 ni 5, na kumlaza mtu chali ni 6. Kwa hiyo hata anayepigwa ana la kuifanyia timu: akikubali kufungwa kidogo badala ya kulazwa, ameokoa pointi 3. Kuna watu ukumbini wanashangiliwa kwa kufungwa 9–3. Kwa hesabu ya timu wamefanya kazi.

Mambo ya uzito ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Oktoba nilipika pilau, harufu ikajaa korido nzima, majirani wakaja na sahani zao. Jamaa akasimama mlangoni, akanusa, akarudi kitandani na nusu ya chungwa. Kwa malezi yetu, mtu wa chumba chako kukataa chakula chako ni jambo la kuitisha kikao. Baadaye ndiyo akanisimulia habari za 1997. Mwishoni mwa mwaka ule, katika wiki tano hivi, wanafunzi watatu wa vyuo vitatu tofauti walikufa wakijikausha ili wafikie uzito: mazoezi kwenye joto kali, nguo za mpira, maji hawanywi. Baada ya hapo sheria zikabadilishwa. Sauna na nguo za mpira zikapigwa marufuku kwa kazi hiyo, madaraja ya uzito yakapandishwa, kupima kukasogezwa karibu na pambano ili mtu asijikaushe leo apigane kesho, na kila mwanamieleka akawa anapimwa mwanzoni mwa msimu ili ajulikane uzito ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Zile namba 125, 133, 141 zinazosomwa kwenye kipaza sauti zinatoka kwenye misiba hiyo. Toka siku ile sikumshawishi tena kuhusu pilau, ila nilikuwa namwekea kwenye friji mpaka Jumapili.

Novemba ulikuja mchujo wa ndani. Timu ina vijana thelathini na kitu, nafasi ni 10, moja kwa kila uzito. Wa uzito mmoja wanapigana wenyewe kwa wenyewe, mshindi anavaa jezi ya kikosi cha kwanza. Mpinzani wa jamaa alikuwa mwaka wa tatu, rafiki yake, mwenzake wa mazoezi kila siku. Tulikuwa watazamaji kama arobaini, kwenye chumba cha mazoezi kinachonuka dawa ya kusafishia mikeka.

Kipindi cha kwanza dogo alimwangusha, 3–0. Jamaa akakaliwa kama sekunde arobaini, akajinasua, 3–1. Kipindi cha pili dogo alichagua chini, akachomoka mara moja, 4–1. Hapo nikasema basi. Lakini jamaa akaudaka mguu, akauvuta, wakaanguka pamoja yeye akiwa juu: 4–4. Nilipiga kelele ambayo hata mimi iliniogopesha. Dogo akachomoka tena, 5–4.

Kipindi cha tatu uchaguzi ulikuwa wa jamaa. Alichagua chini. Hesabu iko wazi: kusimama tu, ni 5–5. Miaka minne ya kukimbia alfajiri kwenye barafu ilikuwa imebaki kwenye jambo moja, kusimama. Alinyanyua goti, akarudishwa. Akakaa kwenye makalio, akavutwa. Akafika mpaka ukingoni mwa mkeka, refa akawarudisha katikati, wakaanza upya. Dakika mbili zote hakutoka. Saa ya pembeni ikamwongezea dogo pointi 1, na ikaisha 6–4. Walikumbatiana. Kocha akaandika kitu kwenye karatasi yake. Uzito uliofuata ukaitwa.

Njiani kurudi bweni nilimuuliza kama ataacha. Alikuwa na sababu zote: mradi wa mwisho wa uhandisi, mwili unaouma, na hakuna mechi hata moja atakayocheza. Hakunijibu. Nikachukulia ameacha. Jumatatu saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikasikia zipu ya begi lake.

Nilikuja kumwelewa kidogo majira ya baridi, nilipopanda basi la mashabiki kwenda Iowa City. Ukumbi wa Carver-Hawkeye unachukua zaidi ya watu 14,000, na ulipofunguliwa Januari 1983 uliwekwa wakfu na mechi ya mieleka. Watu wa Iowa wanajua sheria kama wazee wetu wanavyojua bao. Mpinzani akirudi nyuma hatua mbili tu, ukumbi mzima unamdai refa onyo. Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia nyeusi na dhahabu. Kila kijana wao akimwangusha mtu, mzee ananyoosha vidole viwili juu, anasita, halafu anaongeza cha tatu. Sheria imebadilika, mkono bado.

Nilimwamkia, akanipa historia bila kuombwa. Dan Gable alifundisha Iowa misimu 21, kuanzia 1976 hadi 1997, akachukua ubingwa wa taifa mara 15, tisa kati ya hizo mfululizo. Kabla ya hapo, akiwa mwanafunzi wa Iowa State, hakuwahi kufungwa chuoni mpaka pambano lake la mwisho, fainali ya 1970, alipopoteza 13–11 kwa Larry Owings. Miaka miwili baadaye akashinda dhahabu ya Olimpiki Munich bila kutoa pointi hata moja. Oklahoma State ndio wenye mataji mengi kuliko wote, 34. Na zama hizi ni za Penn State: tangu 2011 hadi 2025 yamefanyika mashindano 14, maana ya 2020 yalifutwa kwa korona, na wao wamechukua 12 chini ya Cael Sanderson. Huyo naye alitoka Iowa State na rekodi ya mapambano 159 bila kufungwa hata moja.

Ukiwa mbali unaweza kusema hela, au vipaji, na vyote vimo. Lakini fuata majina uone yanavyorithishana. Tom Brands, kocha wa Iowa wa sasa, alikuwa kijana wa Gable. David Taylor alikuwa bingwa wa Sanderson pale Penn State, na 2024 akapewa timu ya Oklahoma State. Kinachopita mkono kwa mkono ni chumba cha mazoezi, na chumba ni watu. Bingwa anahitaji wa kumshinda kila siku, na huyo lazima awe anakaribia kumshinda yeye. Timu isiyo na mtu wa pili mkali, mtu wa kwanza wake analala. Nikiwa nimekaa pale, tumeshafungwa mapambano saba, nikamkumbuka jamaa aliyebaki bweni kwa sababu basi la timu halikuwa na kiti chake.

Machi yakaja mashindano ya taifa, Philadelphia. Kila uzito una washiriki 33, ukifungwa mara mbili unarudi nyumbani, na wanane bora wanapata heshima ya kitaifa. Dogo alifuzu. Tulimwangalia kwenye laptopu, jamaa kapiga magoti sakafuni kama ndiye anayepigana. Dogo alifungwa la kwanza. La pili alishinda kwa kujinasua dakika ya mwisho, kwa kunyanyua goti lile lile, kukaa kwenye makalio kule kule. Jamaa hakushangilia. Alisema tu, "Mkono wa kushoto ameutoa mapema safari hii." La tatu dogo akafungwa, safari ikaishia hapo.

Fainali tulitazama hata hivyo. Uzito wa juu kabisa, Gable Steveson, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo aliyepewa jina la Dan Gable mwenyewe, alikuwa anaongoza 4–2 dhidi ya Wyatt Hendrickson wa Oklahoma State. Zikiwa zimebaki sekunde chache Hendrickson akamwangusha. Pointi 3, 5–4, imeisha. Nilijikuta nimenyoosha vidole vitatu hewani, bila kusita kama yule mzee.

Msimu ule kulikuwa na kesi kubwa ya fedha za wanamichezo wa vyuo, na makubaliano yake yakapitishwa mahakamani Juni 2025. Zamani timu ya mieleka iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu, unaogawanywa vipande vipande, lakini idadi ya vijana ilikuwa wazi. Sasa vyuo vinavyoingia kwenye makubaliano vinaweza kuwalipia wote, ila kikomo ni watu 30. Kwa walio ndani ni neema. Wa 31, yule anayejilipia ada na kuja alfajiri ili mwenzake awe mkali, hana pa kuweka begi. Sijui makocha watafanya hesabu gani.

Jumatatu baada ya Philadelphia, msimu wa jamaa ulikuwa umekwisha, na wa maisha yake yote pia. Saa kumi na mbili kasoro nikasikia zipu.

"Unaenda wapi sasa?" nikamuuliza toka kwenye blanketi.

"Mazoezini."

"Si umemaliza?"

"Mimi ndiyo," akasema, anafunga kamba za viatu. "Yeye bado ana mwaka mmoja."