Hapa, Huku na Humu: Picha na Mahali Pake

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi muulize kata. Picha ya siku hizi ni mtungi wa aina hiyo. Mtazamaji huuona uso wake tu: mzee ameketi kigodani, mnazi umeinama, ukuta wa matumbawe umebomoka. Ndani ya faili ya picha hiyo, hata hivyo, mna maelezo ambayo jicho haliyaoni: tarehe na saa ya kupigwa kwake, aina ya kamera na, ikiwa mwenye simu ameruhusu, latitudo na longitudo za mahali aliposimama mpigaji. Kanuni za kuyapanga maelezo hayo, zijulikanazo kama EXIF, zilitolewa nchini Ujapani mwaka wa 1995. Kata ya mtungi huu ni programu ndogo tu ya kusomea faili. Aichovyaye huambiwa mpigaji alikuwa wapi bila ya kumuuliza mpigaji mwenyewe.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hili si jambo la mafundi wa tarakilishi pekee. Mahali ni sehemu ya matini. Ngano isimuliwayo Faza na ile isimuliwayo Vanga zinaweza kuwa na wahusika wale wale, lakini lahaja hubadilika, na pamoja nayo hubadilika utani na vicheko vya hadhira. Ndivyo ilivyo katika fasihi andishi ya kale vilevile. Anayeusoma Utendi wa Tambuka, ambao hati yake inayofahamika sana ni ya mwaka wa 1728, hawezi kuutenga na Pate. Kazi isiyojulikana ilikotoka ni kama mtoto aliyepotea sokoni: analia, wala hapana ajuaye ampeleke mlango upi.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, alipokuwa akijiandaa kwenda nyanjani katika kaunti ya Kilifi kukusanya masimulizi ya Wagiriama kuhusu wazee waliofariki, aliazimia kuwa kila picha atakayoipiga itakuwa na mahali pake. Kamera aliyoiazima ilikuwa nzuri kwa picha lakini haikuwa na uwezo wa kujua ilipo. Simu yake ilikuwa na uwezo huo. Akaamua kuvioanisha viwili hivyo.

Njia yenyewe si ngumu. Simu huwekewa programu ya kurekodi safari, ambayo kila baada ya sekunde kadhaa huandika nukta moja: latitudo, longitudo na saa. Mwenye simu huitia mfukoni akatembea na kamera yake. Jioni, orodha ya nukta na faili za picha hutiwa pamoja katika tarakilishi, na programu nyingine huitazama saa ya kila picha, ikatafuta nukta yenye saa iyo hiyo, kisha ikaandika mahali hapo ndani ya picha. Programu ya ExifTool, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2003 na ambayo hailipiwi, huifanya kazi hiyo kwa mamia ya picha kwa amri moja.

Siri yote imo katika saa. Kamera ikitangulia kwa dakika mbili, mtu anayetembea mwendo wa kawaida atakuwa amesogea takriban mita 160, na picha ya kisima itaangukia uani kwa jirani. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuanza kazi, mwanafunzi huipiga picha saa iliyo kwenye kioo cha simu. Tofauti baina ya saa inayoonekana katika picha hiyo na saa iliyoandikwa na kamera ndiyo ya kusahihishwa katika picha nyingine zote.

Hapa Mswahili ana mtihani wake wa ziada. Setilaiti hazifuati saa za Nairobi, na nukta za safari huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Aidha, Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Basi mzee akisema tukio lilianza saa tatu asubuhi, kamera itaandika saa tisa nayo orodha ya nukta itaandika saa sita. Watatu hao hawabishani. Kila mmoja anasema kweli kwa lugha yake. Ni juu ya mtafiti kuwa mkalimani baina yao, la sivyo picha zote za siku hiyo zitakosa kwao.

Hali kadhalika, kuna herufi moja isiyofaa kusahauliwa. Mji wa Kilifi upo karibu na digrii 3 na dakika 38 kusini mwa ikweta. EXIF huandika tarakimu mbali na herufi ya kusini au kaskazini mbali. Herufi hiyo ikikosewa, Kilifi huhamia karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kutoka mahali pake.

Setilaiti zenyewe huzunguka umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, na simu huhitaji kuzisikia nne kwa uchache ili ijue ilipo. Hadi mwaka wa 2000 Marekani, ambayo ndiyo mwenye mfumo wa GPS, ilikuwa ikiyapotosha kwa makusudi mawimbi ya raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Upotoshaji huo ulikomeshwa mwezi wa Mei mwaka huo. Leo simu ya kawaida, chini ya mbingu wazi, hukosea kwa takriban mita 5 tu. Chini ya miembe mikubwa au kando ya ghorofa kosa huongezeka. Hata hivyo, mita 5 ni kipimo cha uani. Ni umbali ambao mtu huweza kupokea kikombe cha maji bila ya kupaza sauti.

Usahihi huo ndio uliozua swali ambalo mwanafunzi hakulitarajia. Katika boma moja alioneshwa vigango viwili. Kigango ni mbao iliyochongwa na kusimikwa ardhini kwa ukumbusho wa mzee wa chama cha gohu aliyefariki. Kwa mila za Wagiriama, kikishasimikwa hakifai kung'olewa. Mwenye boma, mzee wa makamo ya babu yake, aliitazama simu iliyokuwa ikimeta mkononi mwa mgeni.

"Mwanangu, hiyo simu inaandika nini?"

"Inaandika tulipo, mzee."

"Tulipo wapi? Kilifi?"

"La, mzee. Hapa hasa tuliposimama."

Mzee alinyamaza kidogo. "Wewe ulibisha hodi," akasema. "Atakayeisoma hiyo simu, atabisha hodi?"

Mwanafunzi aliizima programu. Picha aliruhusiwa kupiga, naye akapiga. Lakini usiku ule alikuwa na mambo mawili yaliyopingana, na yote mawili yalitoka katika historia ya vigango vyenyewe.

La kwanza ni kisa kinachofahamika vyema. Mwaka wa 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Kiafrika huko Marekani, Udvardy alikitambua kimojawapo katika picha zilizooneshwa na mtafiti mwenziwe, Linda Giles. Kilikuwa katika mkusanyiko wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Watafiti hao walihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Viwili vile vilirudishwa Kenya katika miaka ya 2006 na 2007, ijapokuwa Kalume Mwakiru hakuishi kuviona.

Ni nini kilichovirudisha? Ni picha iliyojulikana ilipigwa wapi, lini, na kwa nani. Vigango vingine vingi havikuwa na shahidi wa namna hiyo. Makumbusho ya Denver yalipokubali mwaka wa 2014 kurejesha vigango 30, ilikuwa vigumu kusema kila kimoja kiling'olewa katika boma gani. Hivyo basi, asiyeandika mahali humsaidia mwizi baada ya wizi.

La pili ni kinyume cha hilo. Picha ya mwaka wa 1985 ilikuwa ya filamu. Mahali pake palikaa kichwani mwa mtafiti na katika daftari lake, na aliyetaka kupajua alilazimika kumwendea. Lau picha ya namna hiyo ingepigwa leo kwa simu na kusambazwa ikiwa na tarakimu zake zote, ingekuwa ramani mkononi mwa yeyote. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2012 tajiri John McAfee, aliyekuwa mafichoni, alijulikana kuwa yuko Guatemala kwa sababu waandishi waliomtembelea walichapisha picha yake bila ya kuifuta latitudo na longitudo. Ikiwa mtu mwenye miguu ya kukimbilia alipatikana hivyo, kigango kilichosimikwa ardhini kina kinga gani? Hivyo basi, anayeandika mahali na kupatangaza humsaidia mwizi kabla ya wizi.

Msimamizi wa tasnifu, kwa upande wake, alitaka tarakimu kamili ziwekwe katika kiambatisho ili mtafiti mwingine aweze kuyathibitisha matokeo. Rai hiyo ina uzito wake. Utafiti usiothibitika ni uvumi uliovaa joho. Lakini sheria pia ina neno. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 huyataja maelezo ya mahali miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Boma si nukta tupu, lina wenyewe.

Ufumbuzi haukutoka katika mtambo, bali katika sarufi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba ngeli ya mahali ina sura tatu. PA ni mahali mahsusi: hapa pana kigango. KU ni mahali pa jumla, pasipo mpaka dhahiri: huku kuna vigango. MU ni ndani: humu mna kitu. Simu inaijua PA peke yake. Kwayo, dunia yote ni hapa, hapa na hapa.

Hata hivyo, mtambo unaweza kufundishwa KU. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Tarakimu tano baada ya nukta ya desimali hulenga mahali kwa kadiri ya mita moja; hiyo ni hapa. Tarakimu mbili hulenga kwa kadiri ya kilomita moja. Tarakimu moja huacha eneo la takriban kilomita 11, ambamo mna vijiji, mashamba na njia nyingi. Hiyo ni huku. Kupunguza tarakimu si kusema uongo, kwani mzee anayemwelekeza mgeni asiyemfahamu kwa kusema "huku upande wa mashariki" hajadanganya. Amechagua kiambishi.

Kuna tahadhari moja. Tarakimu zikipunguzwa katika jedwali la tasnifu lakini zikasalia ndani ya faili za picha, kazi ni bure. Nakala ya kutoa lazima isafishwe kwa programu, nayo nakala asilia ihifadhiwe kando. Wala mtu asijihadaye kwamba mtandao utamfanyia kazi hiyo. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza maelezo ya mahali, lakini picha iyo hiyo ikitumwa kama hati hufika nayo yote.

Mwanafunzi alirudi bomani siku ya pili akiwa na pendekezo. Mahali hasa pangeandikwa, lakini katika nakala mbili tu: moja ya familia, iliyochapishwa kwenye karatasi pamoja na picha, ili vigango vikiibwa wawe na ushahidi, na nyingine ya mtafiti, ndani ya bahasha iliyofungwa, isiyofunguliwa ila kwa idhini ya familia. Msomaji wa tasnifu angepewa huku. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba nakala ya familia ikae kwa binti yake mkubwa, kwa kuwa ndiye asiyepoteza vitu.

Kisha akaliomba daftari asomewe yaliyoandikwa jana. Mwanafunzi alisoma: "Katika boma hili pana vigango viwili."

"Hapo umekosea," mzee akasema. "Vigango unaviona wewe. Andika: humu mna wazee wawili."

Hiyo ndiyo MU, na hakuna setilaiti inayoifikia. Ndiyo sababu jedwali la tasnifu ile lina safu tatu chini ya neno Mahali. Safu ya Hapa imeandikwa katika kila mstari wake maneno yale yale: kwa idhini ya familia. Safu ya Huku ina tarakimu moja baada ya nukta. Safu ya Humu ina maneno ya wenyeji kama walivyoyatamka. Na pale ambapo mwenyeji alikataa kusema, mstari umeachwa mtupu.