Gari la Dizeli kwa Fedha ya Msikiti

Fedha ya msikiti haina mwenyewe awezaye kusema, "Nimepoteza changu, basi." Ndani yake mna shilingi elfu moja ya mama anayeanika dagaa ufukweni, mna mia tano ya kijana wa bodaboda, na mna sadaka ya mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kamati yetu hapa Lamadi ilipoamua kununua gari la kubebea majeneza na wagonjwa, nami katibu nikatumwa kulitafuta pamoja na fundi mmoja na mzee wetu wa kamati, nililiwaza daftari la hesabu kuliko nilivyoliwaza gari.

Haja yenyewe haikuwa ya anasa. Lamadi ni njia panda: barabara kuu ya Mwanza na Musoma yapita hapa, na hapa ndipo linapochepuka tawi la kwenda Bariadi. Juu ya lami mambo ni mepesi. Lakini Waislamu wa pande hizi wametawanyika vijijini, kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao masika hushika gurudumu kama gundi. Mgonjwa hufia Bugando, Mwanza, na kaburi lake limechimbwa ndani huko, mbali na lami. Tumewaona wafiwa wakibishana nauli na dereva huku maiti amelazwa barazani, ilhali tumeamrishwa kuharakisha mazishi.

Mwenyekiti alipendelea Noah ya petroli, na hoja yake haikuwa dhaifu. Gari linalotembea mara mbili kwa wiki halitarudisha upesi gharama ya pampu na nozeli za dizeli zikiharibika, na bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hazina ahadi kwamba dizeli itakuwa nafuu daima. Mimi nilishikilia dizeli kwa sababu ya mzigo na tope: injini ya dizeli huvuta kwa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole. Ila niliweka sharti moja, iwe dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida. Injini mpya zinazosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno ni nzuri, lakini nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu, na dizeli ya kununua kwenye madumu vijijini ina vyote viwili.

Tangu Rudolf Diesel alipoifanikisha mwaka 1897, injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto kali, kisha mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe. Basi uhai wake wote umo katika kubana. Ringi zikilika, mbano hupungua, na dalili hujitokeza asubuhi injini ikiwa baridi: huwaka kwa kusumbua, hutikisika, hutoa moshi. Ikishapata moto, maradhi hujificha. Fundi wetu alinifundisha jambo hili kwa sentensi moja: "Katibu, gari la dizeli huposwa alfajiri."

Gari la kwanza sitalisemea sana. Kadi yake ilikuwa na jina la mtu mwingine, na muuzaji hakuwa na hati yoyote ya uwakala. Tulinywa chai yake tukaondoka.

La pili lilikuwa Prado yenye injini ya 1KZ, lita 3, jeupe, linang'aa, na bei yake ilikuwa pungufu ya tulivyotarajia kwa milioni 3. Mzee wetu alilipenda papo hapo. Tulifika saa mbili asubuhi kama tulivyoagana, nikaweka kiganja juu ya boneti: lina moto. "Ustadhi, nimelisogeza kidogo tu nje," akasema dalali. Tukaomba lilale, turudi kesho baada ya Swala ya Alfajiri. Kesho yake liliwaka kwa taabu na kutoa moshi mweupe usiokoma. Fundi alikuwa amefungua mfuniko wa rejeta kabla halijapata joto. Maji yakaanza kutoa mapovu kama chungu jikoni. Hedi za injini hizo zajulikana kwa kupasuka zikichemshwa, na hiyo ilikuwa imechemshwa. Alipofungua mfuniko wa kujazia oili, moshi ukapuliza kwa mapigo. Na oili yenyewe ilikuwa nzito kupita kiasi, ya kuficha.

Hapo nilikumbuka somo la chuoni ambalo wafugaji wa Kisukuma hawahitaji kufafanuliwa. Mtume (rehema na amani zimshukie) alikataza kufunga chuchu za mnyama siku kadhaa bila kumkamua ili mnunuzi adhani ni wa maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya kumbakisha au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika, oili nzito, na kilomita zilizorudishwa nyuma kwenye dashibodi ni chuchu zilezile zilizofungwa.

Dalali akajitetea kwamba anauza "kama lilivyo". Msomaji aelewe jambo hili, maana neno hilo limeenea minadani. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, sharti la kujivua na kasoro zote halimwokoi muuzaji wa chombo. Nafuu iliyobaki ni kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Aijuaye kasoro ni wajibu aiseme, hata asipoulizwa.

Mzee wetu alinung'unika njia nzima. Alisema tunazidisha fikihi na majeneza yanasubiri. Sikumjibu, kwa kuwa juma lile kweli tulikuwa na msiba, na gari la kukodi lilichelewa.

La tatu lilikuwa Hiace ya zamani yenye injini ya 5L, isiyo na tabo, rangi imebabuka, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, hivyo fundi alinyanyua kiti kwanza, akagusa: baridi. Iliwaka mara moja, moshi mweusi kidogo kisha ukakoma. Mwenyewe, mzee mfanyabiashara wa pamba, alitutangulia kusema: "Gia ya pili ni ngumu, na springi ya nyuma kushoto imekatika jani moja. Mkanda wa taimingi sikumbuki niliubadili lini." Nikaomba khiyari ya siku 3, ukomo unaokubalika katika madhehebu yetu. Akakubali, tukaandika mbele ya mashahidi, tukalinganisha namba ya chesesi na kadi.

Siku ya kwanza tuliipeleka Bariadi na kurudi. Ya pili ikaingia mbugani na watu 10 ndani. Haikuchemsha. Siku ya tatu tulilipa. Fedha iliyobaki nimeiandika katika ukurasa wake: mkanda wa taimingi kwanza, springi, kisha mlango. Rangi itangoja.