Maiti ya Sura ya Kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako kaniambia umeutupa mswada uvunguni mwa kitanda, eti mwenzako kasema mpelelezi mwenye msaidizi, maiti katika chumba kilichofungwa kwa ndani na ndugu wanaogombea urithi ni vitu vya watu. Watu gani hao?

Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimtia kiko mdomoni na kumpa Najum wa kufuatana naye. Aliyemsoma Conan Doyle atawatambua mara moja. Lakini Bwana Msa ni mtu wa pwani, na Kiswahili chake hukikuti London. Elvis Musiba naye alipomtoa mpelelezi wake Willy Gamba mwaka 1974, tulinusa James Bond tangu mlangoni, na bado tuliazimana kitabu mpaka jalada likachanika.

Hata kisheria, hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa. Wazo tupu halina mwenyewe. Mwaka 1930, huko Marekani, Anne Nichols alishindwa kesi dhidi ya kampuni ya filamu ya Universal. Tamthilia yake na filamu yao zote zilikuwa na familia ya Kiyahudi na ya Kiairishi zisizopikika chungu kimoja, na watoto waliooana kwa siri. Jaji Learned Hand aliona mambo hayo ni ya kila mtunzi.

Ila kuna wizi usioujua. Nikiwa kijana nilimpelekea mhariri mmoja hadithi yangu. Akaisoma kimya, akavuta mtoto wa meza, akatoa riwaya fulani, akaiweka sambamba na karatasi zangu na kupiga mistari kwa kalamu nyekundu. Sentensi tatu za mvua juu ya bati, neno kwa neno! Wallahi sikuwa na kitabu kile nilipoandika. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi mno, kikahamia ulimini. Nilitoka mle ofisini bila hata kuaga.

Kwa hiyo maiti wako mwache pale pale chumbani. Wa kuogopa ni ile sentensi inayokujia laini kupita kiasi: simama, ujiulize umeisoma wapi. Bwana Msa mwenyewe usimchukue, wala jina lake, buni wako. Rasimu zote zitunze na tarehe zake, hata zilizomwagikiwa chai.

Nakuja Idi, inshallah. Nataka nikute sura ya saba.

Mjomba wako